Ukimya Wenu, Betri Yetu

Ujumbe uliingia kwenye simu ya mjomba Alhamisi moja, saa mbili usiku. Kamati ya wakaazi wa mtaa fulani wa geti kando ya barabara ya Kiambu ilikuwa imeamua: kuanzia mwezi ujao, mashine za petroli za kukata nyasi hazitapita getini. Kelele zimezidi. Watu wanafanya kazi nyumbani, wako kwa Zoom, watoto wachanga wanalala mchana. Mkandarasi atumie mashine za betri, "ambazo pia ni rafiki kwa mazingira." Mwisho wa ujumbe walibandika kile kijipicha cha jani la kijani.

Mkandarasi mwenyewe ni mjomba wangu. Kampuni yake ni yeye, vijana wawili, mashine mbili za petroli, fyekeo tatu, reki na mkokoteni ambao gurudumu lake moja ni la baiskeli ya mtoto. Kwa miezi kumi na minne kampuni ilikuwa na mimi pia. Niliacha chuo mwaka wa tatu (sababu zake ni insha nyingine, ambayo mamangu hajaambiwa kwamba ipo) na kabla kuandika hakujaanza kunilipia hata nusu ya kodi ya nyumba, nilikuwa nabeba mashine begani Jumatatu hadi Jumamosi. Kwa hivyo mtu akianza kunieleza kuhusu betri na petroli kama vile anachagua kati ya Gor na AFC, mimi husikia mgongo ukiniuma.

Msimamo wangu niuweke mezani mapema, ndio usiseme nimekuzungusha. Ndani ya mtaa wa geti, shuleni, ofisini, hospitalini, mashine ya betri ni bora kuliko ya petroli. Kamati iko sahihi kabisa. Na anayepaswa kuinunua ni kamati. Mwenye nyasi ndiye alipie ukimya wake, sio yule anayezikata.

Wacha nianze na petroli, kwa sababu kuna watu wanaipenda, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ile mashine yetu kubwa ukiivuta kamba mara mbili na choki imefungwa, ikakohoa, ukafungua choki ukavuta tena, inawaka na mwili wako wote unajua imewaka. Unajisikia mtu wa kazi. Ikiharibika, unaenda Kariobangi. Fundi anaifungua juu ya gunia, anapuliza kabureta kwa mdomo, anasugua plagi kwa msasa, anakuambia mia tatu, unampa mia mbili, mnaachana kwa amani. Hakuna mahali Nairobi utakwama na injini ya petroli. Hicho ni kitu kikubwa na watu wa betri hukipita haraka sana.

Lakini angalia jinsi injini hiyo inavyofanya kazi. Ni injini ya mapigo mawili. Haina tangi lake la oili kama gari. Oili inachanganywa kwenye petroli, na kwetu kipimo kilikuwa kifuniko cha chupa ya soda na uaminifu wa aliyekipima. Pistoni ikishuka, moshi unatoka kwenye silinda wakati uleule mafuta mapya yanaingia. Milango miwili iko wazi kwa pamoja. Kwa hivyo sehemu ya mafuta mapya inatoka na moshi bila kuchomeka, na kwenye mashine za bei ya chini kama zetu inaweza kufika robo ya mafuta yote. Kampuni kubwa zimetengeneza injini zinazopunguza hasara hiyo, sawa, lakini si hizo zinazouzwa River Road. Fikiria hivi: kila lita nne za petroli ulizonunua, lita moja umeinyunyiza hewani ikiwa imechanganyika na oili, na hewa ya kwanza kuichukua ni ile iliyo mbele ya pua yako. Mwaka 2023 lita ya petroli Nairobi ilipita shilingi 200. Tulikuwa tunanunua sumu kwa bei hiyo na kuipulizia nguo.

Bodi ya hewa ya jimbo la California ilifanya hesabu ya mashine ya petroli ya kupuliza majani, ambayo injini yake ni ndugu wa hii yetu. Ikasema saa moja ya kuitumia inatoa uchafu unaosababisha ukungu wa moshi sawa na kuendesha Toyota Camry ya mwaka 2016 kwa maili 1,100. Hizo ni zaidi ya kilomita 1,700. Nairobi hadi Mombasa, urudi, uende tena, na ukiwa unarudi mara ya pili hesabu inakuishia karibu na Makindu. Saa moja! Sisi tulikuwa tunafanya sita.

Halafu masikio. Mashine hizi zinaweza kufika desibeli 100 kwenye sikio la aliyezibeba. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, NIOSH, inasema kwa kelele ya kiwango hicho sikio lisilokingwa lisikae zaidi ya dakika 15 kwa siku. Kenya tuna kanuni zetu za kelele kazini za mwaka 2005: wastani usizidi desibeli 90 kwa saa nane. Kanuni ziko. Zimechapishwa. Sijawahi kuona mtu amekuja na kipimo kwenye nyasi za mtu yeyote. Kinga ya masikio tuliyokuwa nayo ni pamba, na kijana mmoja alikuwa anavaa visikizi vya simu, anaongeza sauti ya muziki ndio asisikie injini. Anaua sikio ili kulilinda.

Mjomba ana miaka hamsini na mbili. Simu anaweka sikio la kushoto tu. Ukiongea naye ukiwa upande wa kulia anatabasamu na kutikisa kichwa, na watu wengi wanafikiri amekubali. Nimemwona akikubali bei mbovu hivyo. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia hufa ganzi asubuhi kukiwa na baridi ya Julai, vinageuka vyeupe kama vya mtu mwingine. Mtikiso wa mashine hufanya hivyo baada ya miaka, mishipa ya damu kwenye vidole inachoka. Yeye anasema ni uzee.

Kwa hivyo wakati kamati inasema kelele zimezidi, mimi nasema ndio, ndugu zangu, zimezidi. Wewe unazisikia kupitia dirisha lililofungwa, dakika arobaini, Jumamosi mbili kwa mwezi. Karibu.

Sasa betri, na hapa pia tusidanganyane. Tuliazima moja wiki mbili kutoka kwa jamaa anayefanya kazi za bustani upande wa Runda. Siku ya kwanza nilidhani imeharibika. Unabonyeza, inaanza. Hakuna kamba, hakuna moshi. Inapiga kelele, ndio, ule uzi wa nailoni ukikata hewa hauwezi kunyamaza, na bado unahitaji kinga ya masikio ukiitumia siku nzima. Lakini niliweza kumsikia mjomba akiniita kutoka ng'ambo ya uwanja. Jioni nilifika nyumbani na nguo zinanuka nyasi tu. Niliketi kitandani nikazinusa kama mjinga.

Kisha hesabu. Betri ya volti 56 na ampea-saa 5 inabeba wati-saa 280. Kuijaza, hata ukiweka na inayopotea kwenye chaja, ni stima isiyofika shilingi 15. Kwa bei hiyo hata glasi ya petroli hupati. Na stima yenyewe ya Kenya sehemu kubwa inatoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa Loiyangalani, kwa hivyo yule anayekuambia betri ni moshi uliohamishwa mahali pengine anasoma hoja ya nchi nyingine. Hapa haimfai.

Lakini betri hiyo moja ilikuwa inanipa nusu saa kwenye nyasi za kawaida. Kwenye nyasi za Aprili, zimelowa, zimefika gotini, dakika ishirini. Siku ya saa sita inataka betri nne au tano zikizunguka, moja kazini na nyingine kwenye chaja. Seti yenye betri mbili na chaja, mjomba aliulizia Industrial Area, ilikuwa mara nne ya bei ya mashine yetu ya petroli. Betri ya ziada peke yake inakaribia bei ya mashine nzima. Na betri ya Makita haiingii kwenye mashine ya Stihl, na ya Stihl haiingii kwenye Husqvarna; ukioa kampuni moja umeoa. Zikifa, fundi wa Kariobangi anaweza kukubadilishia seli akiwa jasiri, lakini ndani kuna kijibodi kinachoamua kama betri itakubali kuwaka ama itakataa, na hicho hakipulizwi kwa mdomo.

Kwenye vichaka vya kando ya barabara kuu, mbali na soketi yoyote, bado ningebeba petroli. Sioni haya kusema hivyo. Lakini mtaa wa geti una soketi kila baada ya hatua kumi.

Ama tuseme, una soketi ambazo si zako. Zile wiki mbili tulijaribu betri pale pale Kiambu Road. Betri ya kwanza ikaisha, mjomba akaenda kwa kibanda cha soja kuomba kuchaji. Soja ni rafiki yetu, tunakunywa naye chai. Akasema hawezi, tokeni za kibanda zinahesabiwa na mweka hazina, mwezi uliopita aliulizwa kwa nini zimeisha mapema na ilikuwa ni hita ya chai. Tukapiga simu kwa msimamizi. Msimamizi akasema ataulizia. Tukaketi chini ya mti na mashine isiyo na kelele, isiyo na moshi, isiyo na kitu. Saa tisa tukarudi kwa fyekeo. Kama ulisoma shule ya upili Kenya unazijua, ni zile ulizopewa ulipochelewa kuingia darasani: kile chuma kilichopinda kwenye ncha, na mgongo unaokuuma hadi Jumatano. Mtaa mzima, wenye magari mawili kila nyumba na mataa ya bustani yanayowaka hadi asubuhi, ulishindwa na stima ya shilingi 15.

Hapo ndipo nilielewa ule ujumbe. Hawakuwa wanasema wanataka mashine za betri. Walikuwa wanasema hawataki kusikia. Mazingira waliyaongeza mwishoni, pamoja na lile jani. Kama ni mazingira, mngeanza na mapafu yaliyo karibu zaidi na injini. Kwa miaka sita mjomba amevuta moshi huo kwenye nyasi zenu na hakuna ujumbe ulioingia saa mbili usiku.

Nilidhani ni sisi tu. Kumbe hadithi hii ni ya zamani na imesafiri, kama nyasi zenyewe. Zile mnazokanyaga hapo nje, kikuyu, zimetoka nyanda hizi za kwetu. Wakoloni walizipeleka dunia nzima na leo zimejaa kusini mwa California. Wengine huko wanaziita gugu, wengine wanachezea gofu juu yake. Na huko Los Angeles, miaka ya tisini, jiji lilipiga marufuku mashine za petroli za kupuliza majani karibu na nyumba za watu. Waliokuwa mstari wa mbele kulalamika ni wakaazi wa mitaa ya kifahari, wakiwemo waigizaji wa sinema. Waliokuwa wanabeba mashine hizo ni watunza bustani, wengi wao wahamiaji kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, wanaolipwa kwa nyumba, sio kwa saa. Ukimnyang'anya mashine na kumrudishia reki, umemkatia mshahara. Januari 1998 baadhi yao waligoma kula nje ya ukumbi wa jiji.

Ukisoma habari hiyo haraka utasema, tazama maskini wanapigania haki ya kuvuta moshi. Mimi nimeisoma mara nyingi na ninachoona ni watu wanaouliza swali la mjomba: sawa, tumekubali, nani analipa? Ilichukua muda mrefu. Mwaka 2021 California ilipitisha sheria ya kusimamisha uuzaji wa mashine mpya ndogo za petroli za bustani kuanzia 2024, na safari hii jimbo likatenga dola milioni 30 kusaidia wenye biashara ndogo kununua za betri. Wakasema hazitoshi, na huenda ni kweli. Lakini angalau kuna mtu alikumbuka kwamba marufuku ina bei, na bei ina mgongo unaobebeshwa.

Wapo watakaoniambia, wewe unasifu betri na unajua kobalti inatoka wapi. Najua. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, maeneo ya Kolwezi na Likasi, ambako watu wanaingia mashimoni kwa mikono na kuitana kwa Kiswahili, Kiswahili kinachoelewana na hiki ninachokuandikia. Betri za vifaa hivi vya mkononi kwa kawaida zina kobalti ndani. Sina jibu safi kwa hilo na sitajifanya ninalo. Ninachoona cha ajabu ni kwamba hoja ya Kolwezi huwa inaletwa na mtu aliyeshika simu ya pili mwaka huu, na inaletwa tu wakati kibarua anataka kitu chepesi cha kubeba. Simu yako haijawahi kuahirishwa kwa sababu ya Kongo. Ya mjomba ndiyo inasubiri dhamira yako itulie.

Na usiniambie haiwezekani mtu mmoja amiliki betri na mwingine afanye kazi nayo. Simama kwenye makutano yoyote ya Nairobi uangalie boda za umeme. Ampersand walianza Kigali kabla ya kuja huku, na mwendeshaji hanunui betri. Anafika kituoni, anatoa iliyoisha, anaweka iliyojaa, anaenda. Bei kubwa zaidi kwenye kile chombo haiko kwenye shingo ya yule mwenye pesa kidogo zaidi. Kama hiyo imewezekana kwa pikipiki inayopotelea Kayole usiku, itashindikanaje kwa mashine ambayo haitoki nje ya ukuta wenu?

Mtaa ule una nyumba sitini na nne. Gawanya seti mbili na betri sita za ziada kwa nyumba sitini na nne, uone kila nyumba inatoa ngapi. Mimi niligawanya, kwa bei za Industrial Area. Kila nyumba inalipa pungufu ya chakula cha watu wawili kwenye ile mikahawa ya Ridgeways wanayopostia picha. Mara moja, kwa kitu kitakachodumu miaka kadhaa. Mashine zinakaa stoo pamoja na mipira ya kumwagilia maji, ambayo ni ya mtaa, na hakuna aliyewahi kumwambia mjomba aje na bomba lake. Chaja zinawekwa ukutani. Mweka hazina anaandika stima ya nyasi kwenye hesabu zake kama anavyoandika stima ya mataa ya bustani. Mtu mwenye ujuzi anakuja, anabonyeza, anakata, anarudi nyumbani na masikio yake.

Wengine wataniambia soko ni soko, kama mjomba hawezi atapatikana mwingine mwenye betri. Atapatikana, ndio. Atakuwa kampuni yenye gari lenye nembo ubavuni, itatoza mara mbili, na kamati italipa bila neno kwa sababu ankara itakuwa na jani la kijani juu yake. Pesa zipo. Hazijakosekana kamwe. Swali ni kwa nini zinapatikana kwa kampuni hiyo na kwa mjomba zinageuka kuwa "mkandarasi atumie."

Wiki jana aliniomba nimwandikie barua, kwa sababu mimi ndiye mtu wa maneno kwenye familia, elimu isiyokamilika na yote. Nilitaka kuweka desibeli, Los Angeles, Olkaria, kila kitu. Akasema hapana, fupisha, hao watu wana shughuli. Tukabaki na mambo matatu: mtaa ununue seti mbili kwa jina la mtaa, soketi mbili zifunguliwe siku za kazi, na yeye atapunguza ada yake ya mwezi kwa pesa za petroli ambazo hatanunua tena. Hilo la tatu nililikataa. Nilimwambia huwezi kuwapa punguzo kwa kuwa umewaomba waache kukuumiza. Alikuwa ameketi upande wake mbaya, akatabasamu na kutikisa kichwa. Nikarudia upande wa kushoto. Akasema alinisikia mara ya kwanza, na iandike hivyo hivyo.

Tukaituma Jumatatu kwa mwenyekiti. Alama mbili za bluu zilionekana baada ya dakika nne. Leo ni Ijumaa, marufuku inaanza tarehe moja, na mjomba amenunua jiwe jipya la kunolea fyekeo.